Hayasinti ya ziwa na tisheti za fagia: vile nasuka kikapu laini

Watu wameniuliza hii kitu sana tangu ile Jumapili nilibeba vikapu soko la Kibuye hapa Kisumu, sasa wacha niandike yote mara moja, mwingine akiuliza namtumia tu hii. Kikapu cha leo ni laini, si ile adita ngumu ya kubebea mahindi. Ndani ni fungu la mashina ya hayasinti, ile gugu maji imejaa ziwani, linazungushwa kama konokono, na uzi wa kushonea ni tisheti ya fagia, yaani ile mitumba ya mwisho kabisa, imekatwa tepe. Upana sentimita 20 hivi, kimo 15. Kinaingia vitunguu, ama nepi za mtoto, ama chaja zote za nyumba zenye hakuna mtu anajua zake ni gani. Ukiwa na mashina makavu tayari ni kazi ya siku mbili bila kukimbizana. Ukianzia majini ni wiki mbili na zaidi, na hapo mwanzo ndo nitakaa sana, juu wengi wanadhani kikapu kinaharibikia kwenye kusuka. Kinaharibikia kwenye kukausha.

Hiyo nilijifunza na aibu. Kuna Aprili moja nilipata oda ya vikapu 12 vya hoteli fulani, vya kuweka taulo kwa vyumba, na Aprili ya Kisumu unaijua, asubuhi jua la kuchoma utosi, saa tisa mawingu yanajikusanya upande wa Nandi, saa kumi mvua inapiga mabati hadi hamsikizani. Mashina niliyaanika siku tano, kwa nje yakawa makavu kabisa, nikasuka mbio mbio, nikapaka varnishi ing'are, nikapeleka, nikalipwa nusu. Wiki tatu baadaye napigiwa simu niende nichukue vitu vyangu. Ndani ya kila kikapu kulikuwa na ukungu wa kijani kama ule wa mkate, na harufu ya gunia lililolala nje. Maji yalikuwa bado ndani ya mashina na varnishi ikayafungia humo. Nusu ile nyingine sikuwahi kuiona, na enyewe sikuwa na mdomo wa kuiitisha.

Dani, yaani nyanya yangu, alicheka hadi akakohoa. "Nyakwara (mjukuu wangu), wewe umeshona maji." Yeye amesuka togo maisha yake yote, yaani mafunjo, mikeka ya kulalia na ya kuanikia omena, na kwake kitu hakiguswi hadi kikauke, akisema kimekauka kimekauka.

Sasa tuanze. Hayasinti si zote ziko sawa. Zile zinaelea peke yake kwa maji wazi ziko na shina fupi limefura kama balbu, hilo ndilo linaifanya ielee, na kwa kikapu halina kazi kabisa, likikauka linabaki kama ganda la njugu. Wewe unataka zile zimebanana, zimesongamana hadi hakuna maji unaona, juu hapo kila moja inakimbilia jua na mashina yanakua marefu na membamba, utapata ya nusu mita na zaidi. Chagua yale yako kijani iliyokomaa, yasiyo na madoa ya kahawia mengi. Madoa mengi madogo kama mtu amekwaruza na kucha ni kazi ya wale wadudu waliletwa miaka ya 90 kuila, na shina lililoliwa sana linakatikia mkononi.

Usiende peke yako. Mimi huenda ufuo wa Dunga na mvuvi ananijua, na napitia kwanza kwa watu wa BMU, ile kamati inasimamia ufuo, kusalimia, si lazima ikae kama ofisi, unasema tu omera nataka kukata magugu kidogo, na hakuna mtu amewahi kunikataza kuondoa magugu. Enda asubuhi jua likiwa limetoka, kiboko anatoka majini jioni na usiku na hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Vaa gambuti ndefu na glavu. Konokono wa kichocho wanapenda sana kujificha kwa haya magugu, na kichocho kinaingia kwa ngozi tu, hauhitaji hata kunywa hayo maji. Epuka pia mahali mitaro ya mji inamwaga, huu mmea unafyonza kila kitu ikiwemo madini mabaya, na sitaki kikapu changu kianzie kwa maji ya mtaro.

Kata jani huko huko, kata na mizizi huko huko, uache. Beba shina tu. Hii nasisitiza juu nimeona mtu amebeba mmea mzima kwa nduthi akaupeleka kwa kidimbwi cha samaki nyumbani eti una maua mazuri. Maua ni mazuri kweli, zambarau na doa la njano katikati. Hali ikiwa nzuri huo mmea unajizidisha mara mbili kwa wiki mbili au chini, na hicho kidimbwi saa hii ni kama uwanja wa mpira.

Kwa kikapu chetu kata mashina 200. Utatumia kama 130, hayo mengine ni ya kuharibika. Yakiwa mabichi ni mzigo, utafikiri umebeba ya vikapu kumi, lakini asilimia 95 ya huo mmea ni maji, kwa hivyo kilo kumi zinakuja kubaki kama nusu kilo. Shina lenye lilikuwa nene kama kidole gumba linakuwa utepe wa bapa, mwembamba kuliko penseli. Usishtuke.

Osha na maji safi, sugua ule utelezi utoke, alafu anika. Si chini. Chini unachukua unyevu wa udongo na kinyesi cha kuku. Mimi natumia wavu wa zamani wa samaki nimeufunga kwa nguzo nne, mashina yanalala juu upepo unapita pande zote, mtu mwingine anatumia mabati yenye mawimbi na inafanya kazi pia, ila geuza kila siku. Saa nane nikianza kuona Nandi inakuwa nyeusi naingiza ndani. Shina lililonyeshewa likiwa nusu kavu linaingia madoa meusi na hayo madoa hayatoki hata ufanye nini. Kwa jua la Januari au Februari ni siku saba hadi kumi. Wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, hesabu wiki mbili au tatu, ama ufanye vile mimi nafanya siku hizi, nakata Januari nyingi, nahifadhi.

Sasa ile testi. Shina linakauka kuanzia ncha, na mwisho kabisa ni ile sehemu ya chini iliyo nene, hapo ndo uongo unakaa. Dani anaweka hiyo sehemu kwa shavu lake, ikiwa baridi bado iko na maji. Mashavu yangu hayajui hiyo lugha, mimi natumia chupa ya jamu. Kata vipande vya sehemu nene, tia kwa chupa ya kioo iliyo kavu, funga kifuniko kabisa, weka juani saa moja. Ukiona ukungu wa mvuke kwa kioo ndani, hata kidogo, rudisha zote juani siku mbili ujaribu tena. Kioo kikibaki safi, umemaliza. Hiyo chupa ingeniokolea vikapu 12.

Yakikauka hifadhi kwa gunia, juu, mbali na jiko na mbali na panya. Usifungie kwa plastiki.

Kama uko mbali na ziwa usikae ukinung'unika. Kisii na Vihiga migomba imejaa, yale maganda makavu yanaanguka kwa shina la mgomba yanararuliwa tepe na yanafanya fungu zuri laini, rangi ya kahawia yenye michirizi. Mkindu uko kando ya mito mingi huku magharibi na majani yake ndo watu wa Pwani wanasukia ukili. Katani iko kila soko. Togo pia, ingawa ya togo unatumia ganda la nje la kijani, ule moyo mweupe ni kama sponji, hauna nguvu kwa kikapu. Na ukikata togo kata kwa mapande mapande uache mengine yamesimama, kwa sababu Dunga kuna ndege hawaishi mahali pengine ila ndani ya mafunjo na samaki wadogo wanajificha humo.

Tisheti sasa. Hapa ndo wazee wananipinga, wananiambia hicho si kikapu cha kienyeji. Na mimi huwauliza kienyeji ni nini. Katani asili yake Meksiko. Hayasinti ilitoka Amerika ya Kusini. Kiondo chenyewe, kabla katani ienee, kilisukwa na nyuzi za magome, Wakamba wakitumia hata gome la mbuyu, na leo unapata kiondo cha nyuzi za plastiki na kila mtu bado anakiita kiondo. Marekani kulikuwa na mzee Ed Rossbach, alifariki 2002, watu wa kazi hii huko wanamhesabu kama baba wa vikapu vya kisasa, alifundisha chuo kikuu Berkeley na alikuwa anasuka na magazeti, katoni, plastiki, chochote kilicho karibu, kuna kazi zake hadi ziko na picha ya Mickey Mouse. Msusi anatumia kile kiko mlangoni kwake. Na mlangoni kwangu mimi kuna Kibuye na marundo ya mitumba.

Nunua fagia, usinunue kamera, yaani ile mitumba ya daraja la kwanza, hakuna haja ya tisheti nzuri. Ile imetoboka kwapa ama imeandikwa jina la mbio za hisani za mji hujawahi kusikia, hiyo hiyo. Lakini iwe pamba. Vuta kidogo upande, ikivutika na kurudi ni sawa, na isiwe imeshonwa ubavuni, iwe mrija mmoja bila mshono. Utahitaji mbili kubwa.

Ilaze chini, kata pindo la chini utupe, kata juu kwa mstari wa kwapa kwa kwapa. Umebaki na mrija. Usikate vipete vipete, utakuwa unaunga hadi uzeeke. Kata utepe mmoja usioisha, upana sentimita moja na nusu, ukizunguka na kupanda kidogo kidogo kama unamenya chungwa bila kukata ganda. Tisheti kubwa inatoa karibu mita 30 hivyo. Ukimaliza shika utepe uvute kwa nguvu kipande kwa kipande, utaona unajikunja wenyewe unakuwa kama kamba ya mviringo, kingo zimejificha ndani. Vuta wote kabla ya kuanza, maana ukishona bila kuvuta utalegea baadaye kikapu kikiwa kimesimama na hauna mahali pa kukaza.

Vifaa vingine ni sindano ya gunia, ile ndefu imepinda kwa ncha, makasi, beseni la maji, taulo kuukuu, na kipande cha hospaipu ya nusu inchi, urefu sentimita tatu. Hiyo hospaipu utaona kazi yake.

Siku ya kusuka chovya mashina kama 30 kwa wakati mmoja, dakika tano, alafu yafunge na taulo yenye unyevu nusu saa. Yanakuwa kama ngozi, yanapinda bila kulia. Usiyalaze majini usiku kucha, hapo unarudisha yale maji ulitoa wiki mbili. Na usichovye yote 130, yenye hutatumia leo yatakauka na kulowa na kukauka, yataanza kupasuka.

Kuanza ndo kugumu, ukipita hapo umepita. Chukua mashina mawili tu, chonga ncha zake na makasi ziwe nyembamba, zungushia utepe mwanzo wa sentimita tano ukiuficha mkia wake ndani. Kunja hiyo sehemu kama konokono, ikaze hadi tundu la katikati liwe dogo kabisa, pitisha sindano katikati mara mbili tatu, vuta. Ni mbaya kwa macho, najua. Yangu ya kwanza ilikaa kama kitovu cha mtoto. Endelea kuzunguka, na kwa mzunguko wa pili ongeza shina moja, moja tena, hadi fungu liwe na matano hivi. Sasa ingiza mashina kwa hospaipu. Hospaipu inakaa mbele ya mahali unashona na unaisogeza ukienda, fungu likianza kulegea ndani yake linakuambia lisha shina lingine, likibana sana umezidisha. Bila hiyo kikapu kinakuwa kinene hapa kimekonda pale na wewe huwezi kuona hadi umalize.

Kuongeza shina, sukuma ncha yake katikati ya fungu, si kando, na usingoje la zamani liishe kabisa, likibaki sentimita tano ingiza lingine. Panga mwisho wa mashina usikutane mahali pamoja.

Mshono wenyewe ni hivi. Mimi natumia mkono wa kulia, fungu linaelekea kushoto, sindano inaingia kutoka mbele kwenda nyuma. Wa mkono wa kushoto ageuze. Utepe unapita juu ya fungu jipya, unashuka nyuma, na sindano inatoboa mzunguko wa chini. Nimesema inatoboa. Si kupita kati ya mizunguko miwili kama unafunga kuni. Ichukue kama theluthi moja ya fungu la chini, mashina mawili hivi, kisha vuta hadi uone fungu jipya limekaa limegusana na la zamani bila mwanga kupita. Mshono unaofuata sentimita mbili mbele. Ukiingiza sindano kila mara kando tu ya mshono wa mzunguko uliopita, bila kujua utaona mistari inajichora kutoka katikati inazunguka kama upepo, na hiyo ndo pambo la kikapu, sihitaji lingine. Mizunguko ikiwa mikubwa nafasi zinapanuka, ukifika sentimita tatu ongeza mshono mmoja katikati, mistari mipya inazaliwa hapo.

Sasa angalia kitako. Weka mezani kila baada ya mizunguko miwili. Kikianza kuinuka kando kama bakuli, unavuta fungu kwa nguvu kuzidi mduara unaohitaji, legeza mkono wa kushoto. Kikianza kufanya mawimbi kama sikio la ndovu, unalisha fungu jingi kuliko nafasi. Bakuli unaweza kuokoa: nyunyizia maji, geuza, weka mtungi wa lita 20 juu yake usiku kucha. Mawimbi hayaokoki, fumua mizunguko miwili, mitatu, tulia urudie. Kufumua kunauma lakini tepe za tisheti hazikatiki, hiyo ni faida yake kubwa kuliko nyuzi zingine zote nimejaribu, na mimi kikapu changu cha pili nilikifumua mara nne.

Utepe ukiisha usifunge fundo. Toboa tundu dogo ncha ya utepe wa zamani na wa mpya, pitisha mpya kwa tundu la zamani, kisha mkia wa mpya kwa tundu lake mwenyewe, vuta, inakuwa kiungo kidogo chenye kinapita kwa shimo la sindano bila shida.

Kitako kikifika upana wa sentimita 20, yaani mizunguko kama kumi, ni wakati wa kupanda. Hakuna ujanja mkubwa, badala ya kuweka fungu kando ya lile la mwisho unaliweka juu yake. Mzunguko wa kwanza wa ukuta kaza zaidi kidogo. Ukitaka kikapu kifunguke kama ua, kila fungu likae nje kidogo ya la chini, nusu ya upana wake. Ukitaka kijifunge kama chungu, likae ndani kidogo. Mkono wako utakuwa na tabia yake na vitu laini vinasikia kila kitu, ukiwa na hasira ukuta unaingia ndani, ukiwa unaangalia simu unatoka nje. Sisemi mizaha. Kuna kikapu changu nyumbani unaweza kuonyesha na kidole mahali mechi ya Gor ilianza.

Mizunguko kumi na tano ya ukuta inatosha. Mishiko ukitaka, kwa mzunguko wa kumi na nne acha fungu lisimame peke yake sentimita 15, lizungushie utepe lote bila kuacha nafasi, lirudishe chini uendelee, fanya vivyo hivyo upande wa pili. Mzunguko wa mwisho unapita juu ya hiyo mishiko na kuifunga. Mtu mwenye hela anaweka mishiko ya ngozi, na Kisumu kuna watu wanatengeneza ngozi ya samaki mbuta, inabaki na alama za magamba, inapendeza sana na rangi ya hayasinti. Mimi huweka kwa vile vya oda tu.

Kumaliza, usikate fungu ghafla. Sentimita kumi kabla ya mwisho anza kupunguza, kata shina moja ndani, mbele kidogo lingine, hadi fungu linyooke kama mkia wa panya na lishukie taratibu juu ya mzunguko wa chini. Hapo zungushia utepe karibu karibu bila nafasi, pitisha sindano ndani ya mishono mitano ya nyuma ukirudi, vuta, kata. Mtu asione umeishia wapi.

Rangi ni neno fupi. Hayasinti inashika rangi kwa madoa madoa na mimi siipaki, kahawia yake kama chai ya maziwa inatosha. Paka tisheti. Tisheti nyeupe ya pamba, chemsha kwanza na shabu kidogo, alafu chemsha na maganda makavu ya vitunguu, uzito wa maganda ulingane na wa tisheti, moto mdogo karibu saa nzima, unapata njano iliyoiva inaelekea machungwa. Maganda mama mboga anakupa bure, yeye anaona umechanganyikiwa tu. Sufuria iwe ya kazi hiyo peke yake.

Kikapu kikiisha kiko na unyevu wa kusuka, usipige picha ukaiweka kwa status ukaanza kuuza siku hiyo. Kijaze magazeti yaliyokunjwa kishike umbo, weka kivulini mahali pana upepo siku nne, badilisha magazeti siku ya pili. Chukua chupa ya jamu tena: kata vile vipande vya mashina vilibaki, vilivyolowa pamoja na kikapu, viache hapo kando yake vikauke pamoja, alafu vitie kwa chupa. Kioo kikiwa safi, na kikapu kiko tayari. Varnishi siku hizi sipaki. Kwa mtu ataweka bafuni namwambia ukweli, anunue cha plastiki. Kwa mtu wa vitunguu ama mkate namwambia aweke kitambaa chini.

Bei mnaniuliza na siwezi kuwapangia. Mimi cha ukubwa huu kinanimaliza kama saa kumi na nne za kushona, ondoa ziwa na kuanika. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 28 Agosti 2017 watu wanatafuta vikapu vya soko, lakini wanataka kwa bei ya ule mfuko wa plastiki, kastoma anakishika, anakinusa, anauliza kwani ni ile takataka ya ziwa. Namwambia ndio ni ile ile. Wengine wanarudisha, wengine hapo ndo wanakipenda.

Vipande vilivyobaki usitupe. Vifupi sana nawapa kuku wa dani watagie. Vile vya urefu wa kiganja anza navyo kikapu kidogo cha funguo, kitako mizunguko mitatu na ukuta minne, kinaisha jioni moja, na kusema ukweli ungeanza na hicho kabla ya hiki kikubwa, lakini najua hakuna mtu ataanza na hicho.